Mgonjwa Asingoje Rambirambi



Katika jumuiya ndogondogo tunazozitembelea wakati wa uchungaji wa mwisho wa juma, mhazini ana daftari. Ukilifungua utakuta kurasa za zaka, za mavuno, za bati za kigango, za zawadi ya Paroko katika sikukuu ya somo wake, na kurasa nyingi, nyingi kweli, za misiba. Jina la marehemu, tarehe, orodha ya waliotoa, na chini kabisa jumla iliyopigiwa mistari miwili. Ukurasa wa wagonjwa ni nadra kuuona. Ukiwepo, una mistari mitatu: sukari kilo mbili, sabuni, nauli ya bodaboda.

Tunaandika makala hii kwa sababu tunaamini kwamba waamini wanaojua kuzika vizuri namna hiyo tayari wana kila kitu kinachotakiwa ili kutunzana wangali hai. Wana fedha, wana utaratibu, wana moyo. Kilichobaki ni kuvisogeza mbele, vifike nyumbani kabla ya jeneza kufika.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Mtu akifariki alfajiri, saa moja asubuhi mwenyekiti wa jumuiya amekwisha kupata habari, saa mbili kundi la WhatsApp limejaa, na saa tatu akina mama wa WAWATA wameshawasha moto nyuma ya nyumba na masufuria ya parokia yameletwa kwa mkokoteni. Vijana wanakwenda kuchimba kaburi. Turubai linafungwa. Katekista anapanga masomo. Asiye na shilingi anachota maji, naye anahesabiwa kuwa ametoa. Kaya isiyoonekana msibani bila sababu inaulizwa, na katika baadhi ya jumuiya inatozwa faini. Hakuna semina iliyowafundisha watu hawa, wala mfadhili aliyewaandikia mradi. Ni taasisi kamili, yenye kanuni, hesabu na nidhamu, na inafanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi.

Kwa hiyo anayesema kwamba waamini wetu ni maskini mno kuweza kuchangia afya, na aende msibani siku moja akahesabu.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika parokia moja ya pembezoni mwa mji alikuwepo mama muuza maandazi, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, mjane, mama wa watoto wanne. Alikuwa na presha. Zahanati ilimwandikia vidonge vya kumeza kila siku, naye alivimeza biashara ilipokuwa nzuri. Unga ulipopanda bei aliviacha, kwanza wiki moja, kisha mwezi. Na kwa kuwa hakusikia maumivu yoyote, alidhani amepona. Presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi. Alipoanguka kwa kiharusi alilazwa majuma matatu, wanawe wakauza cherehani, wakauza na kiwanja. Jumuiya ilikwenda kumwona mara moja, ikasali, ikaacha matunda. Alipofariki, ndani ya siku mbili zilipatikana fedha za jeneza, za basi la kwenda kumzika kijijini, za chakula cha watu zaidi ya mia, na za vitenge vya sare kwa wanakwaya wote. Kila mmoja alitoa kwa machozi ya kweli. Na gharama ya vitenge peke yake ingemnunulia yule mama vidonge vyake kwa miaka kadhaa.

Tumeulizana wenyewe kwa wenyewe kwa nini mambo huwa hivi, maana kuwaita watu wale wanafiki ni kuwaonea. Walimpenda. Jibu tulilolipata ni kwamba msiba una mwisho. Una siku yake, una bajeti yake, una mahali pa kupiga mistari miwili. Ugonjwa wa kudumu hauna. Ukianza kumchangia mtu mwenye presha au kisukari mwezi huu, mwezi ujao bado anayo, na mwakani pia, na hakuna siku ambayo mwenyekiti atasimama na kusema, tumemaliza, Mungu awabariki. Michango yetu imezoea mambo yenye mwisho: harusi, msiba, ubatizo, paa la kanisa. Ugonjwa usioisha unaichosha jumuiya kabla hata haujamchosha mgonjwa.

Kuna jambo la pili, ambalo si la kupendeza kulisema. Msibani kila mtu anaonekana. Majina ya waliotoa yanasomwa, viti vya mbele vina wenyewe. Kidonge cha presha hakina hotuba. Ukimlipia mtu dawa na ukawa na busara ya kunyamaza, anayejua ni wewe, yeye, na Baba yako aonaye sirini. Bwana wetu alilisemea jambo hili mlimani waziwazi, tena akiongea juu ya sadaka yenyewe.

Na la tatu ni aibu, nayo inaanzia kwa mgonjwa mwenyewe. Watu wengi hawataki jumuiya ijue wanaumwa nini, kwa sababu wamekwisha kuona jinsi habari ya mgonjwa inavyotembea. Inaanza kama nia ya sala siku ya Jumamosi, ikifika Jumatatu iko sokoni. Mwenye VVU, mwenye kifua kikuu, mama aliyeharibikiwa mimba, kijana aliyezidiwa na mawazo hadi halali usiku: hao wanajificha, na wana haki ya kujificha mahali ambapo siri haitunzwi. Jumuiya yoyote inayotaka kuwatunza wagonjwa wake lazima kwanza ijifunze kunyamaza. Tunaweka mkazo hapa kwa sababu tumeona mipango mizuri ikifa kwa ulimi tu.

Turudi kwenye Injili. Ile sura ya 25 ya Mathayo tunayoisoma karibu kila maziko inataja matendo sita: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumkaribisha mgeni, kumvika aliye uchi, kumtazama mgonjwa, kumwendea mfungwa. Kuzika wafu hakumo. Mapokeo ya Kanisa yaliliongeza tendo hilo la saba kutoka kitabu cha Tobiti, yule mzee mcha Mungu aliyekuwa akiwazika ndugu zake kwa siri huko Ninawi. Ni tendo takatifu na hatutaki lipungue hata kidogo. Lakini inashangaza kidogo kwamba lile lililoongezwa mwisho ndilo limeshika nafasi ya kwanza kwenye daftari, na lile Bwana alilolitaja kwa kinywa chake limebakiziwa sukari kilo mbili.

Msamaria mwema naye husomwa haraka mno. Wahubiri wengi huishia kwenye mafuta na divai, kwenye huruma ya njiani. Luka anaendelea. Msamaria alimpandisha yule majeruhi kwenye mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamhudumia usiku ule, na asubuhi akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyojua kutoka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Kisha akaahidi kwamba gharama yoyote ya ziada ataifidia akirudi. Yaani alilipa mbele, na akaacha dhamana kwa ajili ya siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwepo. Huruma yake ilikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu hiyo haikuishia siku ileile.

Hata katika sakramenti tabia ya kuchelewa imeota mizizi. Vijijini bado tunasikia wazee wakiita Mpako wa Wagonjwa kwa jina la zamani, Mpako wa Mwisho. Padre akionekana na mafuta matakatifu mlangoni, majirani wanaanza kutandika majamvi. Familia nyingine humzuia asiingie hadi mgonjwa apoteze fahamu, eti asije akaogopa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kulinyosha jambo hili mwaka 1963 katika Hati ya Liturujia, namba 73: jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya ibada yake. Sheria za Kanisa, kanuni ya 1004, zinaruhusu apakwe mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na arudiwe kupakwa akipona kisha akaugua tena, au hali yake ikizidi kuwa mbaya. Mtume Yakobo katika sura ya tano ya barua yake anawaambia wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa. Mwito huo unatoka kwa mgonjwa mwenyewe, na ili mtu aweze kuita ni lazima awe bado na sauti.

Hiyo imani ya kwamba Kanisa huja mwishoni ndiyo imetawala pia mifuko yetu. Padre wa kufunga macho, mchango wa kufunga jeneza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wamisionari waliokuja nchini kwetu walijenga kanisa, na kando yake shule, na kando ya shule zahanati. Peramiho na Ndanda, ambako wamonaki Wabenediktini waliweka makao, hadi leo mtu akitaja majina hayo wengi hufikiria hospitali kabla ya abasia. Bugando kule Mwanza ilijengwa na Kanisa, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudi chini ya uangalizi wa maaskofu kwa makubaliano na serikali. Mwaka 1992 Wakatoliki na Waprotestanti waliunda kwa pamoja Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ili kuratibu hospitali na shule zao. Mwaka huohuo, katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam, ilianza PASADA, kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU wakati ambapo neno UKIMWI lilitosha kumfanya mtu atengwe na ndugu zake mwenyewe. Wahudumu wake walikwenda majumbani. Walikaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

Kwa hiyo Kanisa kama taasisi halina deni la kuonyesha kwamba linajali mwili wa mwanadamu. Pengo liko chini, kati ya hospitali ya jimbo na nyumba ya yule mama wa maandazi. Hospitali inamngoja afike. Jumuiya inangoja afe. Katikati hapo kuna miaka kumi ya presha isiyopimwa.

Na jumuiya ndogondogo ziliundwa hasa kwa ajili ya hapo katikati. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika kanda yetu, walitaka Kanisa liishi mahali watu wanapoishi, mlango kwa mlango, ambapo jirani anajua jirani yake amelala njaa. Jirani huyohuyo ndiye anayejua nani ameacha vidonge.

Tukiulizwa, basi tufanye nini, tungependa kusema kwanza juu ya bima, hata kama si somo la kusisimua mimbarini. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na kabla ya hapo tulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliotoza katika mikoa mingi shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Kaya nyingi hazikujiunga, na sababu tuliyoisikia mara nyingi ni kwamba elfu thelathini kwa mkupuo haipatikani. Ni kweli, kwa mkulima mwezi wa pili haipatikani. Lakini igawanye kwa majuma 52: haifiki shilingi 600 kwa juma. Jumuiya yenye kaya 20, kila kaya ikiweka shilingi 600 kila Jumamosi baada ya sala, inakusanya 12,000 kwa juma na 624,000 kwa mwaka. Bima ya kaya zote 20 kwa bei ile ilikuwa 600,000. Zilizobaki 24,000 ni nauli ya mtu wa kufuatilia kadi. Bei zitabadilika na mifuko itabadilika majina, kama ilivyo kawaida. Hesabu ya kugawanya kwa majuma inabaki ileile. Jumuiya inayokutana kila juma ina faida ambayo wakala wa bima hana: inakusanya kidogokidogo kutoka kwa watu wanaoaminiana.

Hapo patatokea kaya isiyoweza hata hiyo mia sita. Kila jumuiya inayo, na kila mmoja anaijua ni ipi. Tunashauri ilipiwe bila kutangazwa, kutoka fungu la sadaka ya maskini, na mhazini aandike tu kwamba imelipwa.

Baada ya bima, mashine ya presha. Parokia nyingi zina kinanda, spika na mikrofoni za thamani kubwa. Mashine ya kupimia presha haifikii hata bei ya spika moja. Na karibu kila parokia ina muuguzi au tabibu, mara nyingi mstaafu, anayeketi benchi la tatu na kuombwa tu kusoma matangazo. Apewe meza chini ya mwembe baada ya Misa ya pili, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, mtu aelekezwe kituo cha afya na aandikiwe siku ya kurudi. Muuguzi huyo hatoi dawa wala hafungui zahanati chini ya mwembe. Anapima, anashauri, anatunza siri. Akina baba wa UWAKA ndio wa kuvutwa zaidi kwenye meza hiyo, kwa sababu mwanamume wa Kitanzania anaona kwenda hospitali bila kubebwa ni udhaifu.

Kuhusu kuwatembelea wagonjwa, tunalo ombi dogo. Ziara nyingi ni za kundi: watu kumi na watano wanaingia chumba kimoja, wanaimba, wanasali rozari nzima, mtu mmoja anasimulia shangazi yake aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, kisha wanaondoka na mgonjwa amechoka kuliko alivyokuwa. Wawili wanatosha. Wakae nusu saa. Waulize dawa zipo au zimekwisha, tarehe ya kliniki ni lini, nani atampeleka. Kisha wamgeukie anayemuuguza. Mtu huyu husahaulika kabisa. Ni binti au mke ambaye kwa miezi minane hajafika Misa, amepungua kuliko mgonjwa, na katika kila ziara ndiye anayehangaika kutafuta viti na kuchemsha chai. Jumuiya inaweza kupanga zamu, mtu mmoja akae na mgonjwa saa mbili kila Jumapili asubuhi ili binti yule aende kanisani, au alale tu. Kulala nako ni haki yake.

Tusipofika, wengine watafika. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa kila dini walipanga foleni ya magari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kutoka mkononi mwa mchungaji mstaafu, na wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya hapo. Leo foleni zimehamia kwenye mikesha ya uponyaji na maji yanayouzwa kwa chupa. Ni rahisi kuwacheka wanaokwenda. Wanakwenda kwa sababu huko kuna mtu anawatazama usoni, anawauliza jina, anawawekea mikono. Mtu aliyekaa saa sita kwenye benchi la hospitali bila kusemeshwa anakijua anachokitafuta.

Sisi Wakatoliki tunaamini katika sala ya kuombea wagonjwa na hatuionei aibu. Ila mwombezi yeyote anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani anapingana na Maandiko yenyewe. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha tumheshimu tabibu kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba, na kwamba dawa nazo Bwana amezitoa katika ardhi, na mtu mwenye busara hazidharau. Katika sura hiyohiyo anamtaka mgonjwa asali, na kisha ampishe tabibu. Kwa Bin Sira sala na tabibu wanaingia nyumba moja. Tunatamani maneno hayo yahubiriwe mara nyingi, hasa kwenye mafungo ya karismatiki, na hasa panapotajwa wagonjwa wa akili. Kijana mwenye sonona anayeambiwa ana pepo anapoteza miezi, wakati mwingine anapoteza maisha, huku akitolewa mkesha mmoja kupelekwa mwingine.

Wako watakaosema kwamba kazi ya padre ni roho, na kwamba parokia ikijaa mashine za presha na kadi za bima itakuwa shirika la misaada. Wasiwasi huo tunauheshimu, kwa kuwa unatoka kwa watu wanaopenda Ekaristi. Lakini katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, Wayahudi wenye kusema Kigiriki walipolalamika kwamba wajane wao wanasahaulika katika huduma ya kila siku, Mitume hawakuwajibu kwamba Kanisa ni la roho. Waliona kwamba wao wenyewe hawawezi kuliacha Neno, ndipo wakawawekea mikono watu saba, wenye sifa njema, kwa ajili ya meza. Huduma ilipata watu wake, kwa sala na kwa kuwekewa mikono. Parokia inaweza kufanya hivyo hivyo: Paroko abaki na altare na kitubio, na Halmashauri ya Walei iwateue watu wa afya, majina yao yajulikane, wabarikiwe mbele ya waamini kama wanavyobarikiwa walimu wa watoto.

Tuongeze neno kwa mafrateri wenzetu, kwa vile siku moja tutakabidhiwa parokia. Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki. Wengi tunakumbuka ile kengele ya maziko iliyokuwa ikilia mfululizo. Mapadre huugua kama watu wengine, na huficha ugonjwa kuliko watu wengine. Padre anayekunywa soda tatu kwa siku kwenye vigango vitatu kwa sababu kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima, anayelala saa nne, asiyepima kitu chochote tangu upadrisho, hana mdomo wa kuwaambia waamini wapime presha. Wakaribishaji nao watusaidie. Maji ya kunywa yaliyochemshwa na papai ni ukarimu kamili.

Tumebakiwa na tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi. Mtakatifu Yohane Paulo II aliitangaza mwaka 1992 kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993, na karibu kila parokia huwa na Misa siku hiyo yenye Mpako wa Wagonjwa. Ukitazama mabenchi ya mbele, utawaona wagonjwa wanaoweza kutembea. Waliolala ndani, ambao siku ile ni yao zaidi, wanabaki ndani, kwa kuwa hakuna aliyepanga usafiri. Viongozi wa jumuiya wanaweza kuandika majina yao kuanzia mwezi wa Januari, mlango kwa mlango, na kuuliza ni nani angependa kuja. Gari la parokia, ambalo mwaka mzima limekuwa likibeba majeneza, lianze kuzunguka saa kumi na mbili asubuhi, likiwa na magodoro nyuma na vijana wanne wa kunyanyua.